Walinzi wa Mboga: Jinsi ya Kuwaweka Wadudu Wala-Wadudu Shambani Malindi, Hatua kwa Hatua

Wakulima wengi wa mboga hapa Malindi wamejaribu kuacha dawa na kuwategemea wadudu wazuri, na wengi wameshindwa mahali pamoja. Vidukari wanajaa kwenye kunde, siku zinapita, mkulima anatazama na hamwoni mlinzi hata mmoja. Siku ya tano au ya sita uvumilivu unamwishia, anajitwika pampu. Wakati huohuo, chini ya majani yaleyale, kuna mayai ambayo yangeanguliwa kesho yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkulima huyo. Unahusu shamba dogo la mboga, kunde, mchicha, sukuma wiki, bamia, biringani na nyanya, liwe la kumwagilia kando ya Mto Sabaki au la kungojea mvua huko Ganda, Kakuyuni na Gede.

Kabla ya yote, elewa kwa nini mlinzi huchelewa. Kidukari jike huzaa bila dume, huzaa watoto walio hai, na katika joto letu mtoto huyo huanza kuzaa naye baada ya wiki moja hivi. Mdudu kibibi anahitaji wiki mbili hadi tatu kutoka yai hadi kuwa na mbawa. Akija shambani baada ya vidukari, atakuta wamekwisha mtangulia. Kwa hiyo kazi yetu yote ni moja: mlinzi awepo shambani, ameshiba kitu kingine, kabla adui hajafika.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu.
- Simu yenye kamera nzuri ya karibu, au kioo cha kukuzia.
- Sahani nyeupe ya kupukutishia majani.
- Kopo la plastiki lenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo, karatasi ya kuweka ndani, na brashi ndogo laini ya rangi.
- Vibanio vya nguo, kumi hivi.
- Mbegu za ukingo: mtama, kunde, alizeti, mrehani, kotmiri na shamari. Kotmiri na shamari za duka la viungo huota vizuri, mradi ziwe nzima na hazijakaangwa.
- Chandarua chepesi cha kufunika kitalu.
- Makuti makavu au nyasi za kutandaza.
- Pampu ndogo ya mkono ambayo haijawahi kubeba dawa yoyote, sabuni ya maji, na mbegu za mkilifi, yaani mwarobaini.

Usinunue mbegu za ukingo zilizopakwa rangi nyekundu, kijani au buluu. Mara nyingi rangi hiyo ni alama ya dawa, na zipo dawa za mbegu zinazopanda na mmea hadi kwenye maua. Mdudu uliyemwalika kwenye asali ya ua atakunywa sumu.

## Hatua ya 1: Simamisha dawa kali wiki sita kabla ya kupanda

Chukua chupa zako zote na usome maandishi madogo, si jina kubwa la biashara. Ukikuta lambda-cyhalothrin, cypermethrin, deltamethrin, dimethoate, chlorpyrifos au imidacloprid, hizo haziwezi kuishi pamoja na mpango huu.

Sababu ni kwamba mabaki ya nyingi kati yake hukaa juu ya jani na kuendelea kuua kwa wiki kadhaa. Mlinzi huzunguka jani zima akiwinda, basi huyakanyaga na kuyalamba mengi kuliko kidukari aliyechomeka mdomo mahali pamoja akanyonya. Adui anarudi baada ya siku chache, mlinzi harudi. Dawa za jamii ya cypermethrin zina balaa jingine: mara nyingi baada ya kuzipiga, utitiri huongezeka kuliko ulivyokuwa.

Zungumza na jirani pia. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, na dawa ya jirani aliye upande huo itakufikia hata kama wewe umeacha. Hawezi kubadilisha ratiba yake? Panda mistari mitatu ya mtama mrefu upande huo na uisogeze mboga mbali kidogo.

Utajua imefaulu ukiona buibui wadogo wanakimbia chini ya matandazo na kereng'ende wanazunguka juu ya matuta. Hao ndio hurudi mapema.

## Hatua ya 2: Jifunze sura zao, hasa za utotoni

Hapa ndipo mkulima hujidhuru bila kujua. Karibu kila mtu anamtambua mdudu kibibi mkubwa: mviringo, mgongo wa kung'aa, mwekundu, wa chungwa au wa manjano, wenye madoa au mistari myeusi. Lakini mlaji hodari ni mtoto wake, na mtoto huyo ndiye anayepondwa kwa vidole kila siku kwa kudhaniwa adui.

Mdudu kibibi. Mayai yake ni ya manjano, marefu kidogo, yamesimama wima kwa kundi chini ya jani, karibu na vidukari. Huanguliwa baada ya siku tatu hadi tano. Buu anayetoka ni mweusi au wa kijivu, ana mabaka ya manjano au chungwa, miguu sita na mwili mrefu wenye vinundu, kama mamba mdogo. Huyo mmoja anaweza kumaliza vidukari mia kadhaa kabla hajajibandika kwenye jani kugeuka.

Nzi wa maua. Mkubwa ana milia ya manjano na nyeusi, watu humdhani nyuki au nyigu, lakini ana mbawa mbili tu na husimama hewani mbele ya ua bila kusogea. Hali wadudu, anakunywa asali ya maua na kula chavua. Mtoto wake ndiye mwindaji: funza asiye na miguu, kijani au mweupe wa maji, kichwa chembamba, mkia mpana. Huwinda zaidi usiku, ndiyo maana hamwoni. Tafuta alama yake, madoa meusi yenye mafuta juu ya jani katikati ya vidukari waliopungua.

Mdudu wa mbawa za wavu. Kijani laini, macho ya dhahabu, huonekana usiku kwenye taa ya barazani. Kila yai lake linaning'inia kwenye kijiti chembamba mno. Wengi huliona wakadhani ni ukungu, wakalifuta. Kijiti hicho kinaliokoa yai, kwa sababu mabuu hao hulana wao kwa wao. Buu ana taya mbili ndefu zilizopinda, na wengine hubeba takataka na maganda ya mawindo mgongoni.

Nyigu wadogo. Ni wadogo kuliko punje ya ufuta, nao hutaga ndani ya kidukari. Usiwatafute wenyewe, tafuta kazi yao: vidukari waliovimba, wakakauka, wakawa na rangi ya shaba au nyeusi, wamebandika kwenye jani. Ukiona tundu la mviringo mgongoni, nyigu ameshatoka. Using'oe jani hilo.

Vunjajungu, buibui na kunguni wawindaji wamo pia. Hula chochote, hata walinzi wenzao, lakini waache.

Sasa maonyo mawili. Yupo ndugu wa mdudu kibibi anayekula majani ya biringani, boga na tikiti. Mgongo wake hauna mng'ao, una manyoya mafupi na madoa mengi. Mtoto wake ni wa manjano mwenye miiba yenye matawi, na jani analokula hubaki nyuzi tupu. Huyo muokote na umtie kwenye maji ya sabuni. Onyo la pili ni la papai na mimea yenye kidung'ata, mdudu mnyonyaji mwenye nta nyeupe: wapo mabuu wa kibibi waliojifunika nta nyeupe, wanafanana kabisa na kidung'ata. Waguse kwa brashi. Kidung'ata husogea kwa shida. Buu wa kibibi hukimbia.

Utajua imefaulu ukiweza kugeuza jani na kutaja kila kilichopo kabla ya kukigusa. Piga picha, uziweke pamoja kwenye simu, umwonyeshe kila anayekusaidia kupalilia.

## Hatua ya 3: Chagua magugu ya kubaki

Shamba lililofyekwa hadi mchanga mweupe linapendeza kwa macho ya wageni, lakini nyigu na nzi wa maua hawana pa kukaa humo. Acha ukingo wa hatua moja kwa upana kuzunguka shamba, na kama shamba ni kubwa, kata katikati kwa mstari mmoja wa namna hiyo kila baada ya hatua kumi hadi kumi na tano. Nyigu wadogo hawasafiri mbali.

Kanuni ya kuchagua ni hii: ng'oa mmea wa jamaa moja na zao lako, acha wa jamaa nyingine. Vidukari, nzi weupe na magonjwa ya virusi huhama kirahisi kati ya ndugu. Ukipanda nyanya, biringani au pilipili, ondoa mnavu wa porini karibu nazo. Kama unapenda kula mnavu, upe kona yake mbali. Ukipanda tango au tikiti, ondoa maboga mwitu yote yanayotambaa kwenye uzio. Ukipanda bamia, ondoa mlenda uliojiotea.

Yanayofaa kubaki:

Mchunga, kwa maua yake ya manjano. Kivumbasi na mrehani, ambazo hutembelewa na nzi wa maua. Kishona nguo, ambacho maua yake yana chakula kingi lakini lazima kikatwe kabla mbegu hazijakauka, la sivyo msimu ujao utapalilia huku unalia. Mbarika, ambao hutoa asali kwenye vikonyo vya majani hata pasipo ua. Na ule mti wa utomvu mweupe wenye majani mapana ya kijivu unaoota mchangani kuelekea baharini: mara nyingi umejaa vidukari wa manjano, na watu huukata kwa hofu. Vidukari hao wanakula hasa jamaa ya mti huo. Hawatahamia kunde zako.

Kwangu mimi hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa haionekani kuwa kazi.

Utajua imefaulu ukisimama kwenye ukingo saa mbili au saa tatu asubuhi, kabla upepo haujashika, ukaona nzi wa maua wakisimama hewani.

## Hatua ya 4: Panda chakula cha walinzi siku unayosia kitalu

Nyanya, biringani na sukuma wiki hukaa kitaluni wiki nne hadi tano. Siku hiyohiyo ya kusia, panda ukingo. Miche ikihamishwa, baadhi ya ukingo itakuwa imeanza kuchanua na mtama utakuwa na wadudu wake.

Mtama na mahindi huvutia vidukari wa nafaka, ambao hawawezi kuishi kwenye kunde wala sukuma wiki. Mdudu kibibi huja kuwala, hutaga, huongezeka. Vidukari wa mboga wakifika, yeye yuko hatua tatu tu kutoka hapo. Ukiona mtama umejaa vidukari, usiuguse.

Kotmiri na shamari zina maua madogo yaliyo wazi. Nyigu wadogo wana midomo mifupi na hawafikii asali ya maua yenye shingo ndefu. Joto la Malindi huharakisha kotmiri kutoa maua, jambo linalomuudhi anayeuza majani, lakini hapa ndilo tunalolitaka. Panda kidogo kila wiki mbili ili maua yasikatike.

Kunde nazo zina vitone vya asali nje ya maua. Mstari mmoja wa kunde kwenye ukingo unatosha.

Tandaza makuti au nyasi kati ya matuta. Wakati wa kaskazi mchanga wetu huchoma, na buibui na mende wawindaji hawawezi kuvuka ardhi ya moto mchana.

Kitalu chenyewe kifunike kwa chandarua tangu siku ya kwanza. Nzi mweupe mmoja mwenye virusi anatosha kuharibu mche wa nyanya, na hakuna mlinzi anayekula kwa kasi ya kuzuia hilo. Kwenye virusi, kinga ni chandarua na kung'oa mche mgonjwa.

Utajua imefaulu ukikuta mayai ya manjano ya kibibi kwenye mtama kabla ya kuyakuta kwenye mboga.

## Hatua ya 5: Vunja ulinzi wa sisimizi

Vidukari hutoa maji matamu, na sisimizi huyapenda kiasi cha kuwafukuza mabuu na nyigu wanaokaribia. Kundi la vidukari lenye sisimizi ni vigumu kumalizwa na walinzi.

Fuata msafara wao hadi kwenye shimo. Kama liko ndani ya tuta, lichimbue na ulimwagie maji mara kwa mara mpaka wahame. Osha vidukari kwa maji ya nguvu kidogo asubuhi ili maji matamu yapungue. Kwenye mpapai, funga karatasi ngumu kuzunguka shina na upake grisi juu ya karatasi, kamwe si juu ya gome, na ukate majani yanayogusa uzio au mti mwingine.

Majimoto, wale sisimizi wa kwenye minazi, miembe na mikorosho, ni habari tofauti. Juu ya mti huwinda kunguni wa nazi na kupunguza nzi wa matunda, waache huko. Kata tu matawi yanayoinamia matuta ya mboga, maana wakishuka watalinda vidukari na kukuuma wewe.

Utajua imefaulu ukipita siku mbili mfululizo bila kuona msafara kwenye mashina.

## Hatua ya 6: Hesabu kila siku ya tatu

Tembea shambani kwa kupindapinda, si kwenye ukingo tu, na utazame mashina ishirini. Geuza majani mawili kwa kila shina, moja changa na moja la kati. Andika mambo mawili tu: mashina mangapi yana kundi la vidukari, na mangapi kati ya hayo yana mlinzi wa umri wowote, yaani yai, buu, mdudu mzima au kidukari aliyekauka.

Kisha amua hivi:

Mashina yenye vidukari hayafiki matano: endelea na kazi nyingine.

Yamefika matano au zaidi, na nusu yake au zaidi yana mlinzi: usifanye lolote. Rudi baada ya siku tatu. Hapa ndipo roho hudunda, na hapa ndipo ushindi ulipo.

Yamefika matano au zaidi na walinzi ni wachache: nenda hatua ya 7.

Hakuna mlinzi kabisa kwenye hesabu mbili mfululizo, na vidukari wanaongezeka: nenda hatua ya 8.

Kipimo hiki ninakipendekeza kwa mboga za majani na za matunda kwa ujumla. Anayeuza mchicha kwa fungu atataka kuwa mkali zaidi, kwa sababu mnunuzi sokoni halinunui jani lenye kidukari hata mmoja.

Utajua imefaulu daftari likikuonyesha vidukari wakipanda, walinzi wakifuata nyuma kwa wiki moja hadi mbili, kisha vidukari wakianguka bila wewe kupiga kitu.

## Hatua ya 7: Hamisha mabuu

Nenda kwenye mtama au ukingo wako alfajiri, au jioni jua likipoa. Kata kipande cha jani chenye mayai au buu wa kibibi, ukiweke ndani ya kopo lenye karatasi. Kopo lisipigwe na jua hata dakika moja. Kibane kipande hicho kwa kibanio kwenye jani lenye vidukari, upande wa chini.

Beba watoto, si wakubwa. Mwenye mbawa huruka akaenda zake. Buu hana njia ila kula mahali ulipomweka. Na usiwaweke mabuu wa mbawa za wavu pamoja kwenye kopo moja, utafika na mmoja aliyeshiba.

Utajua imefaulu baada ya siku tatu ukikuta maganda matupu ya vidukari na buu aliyenenepa.

## Hatua ya 8: Ikibidi kupiga, piga shina na si shamba

Anza na maji matupu. Yakishindwa, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jioni, chini ya majani, kwenye mashina yaliyojaa tu. Jaribu kwanza kwenye majani mawili na usubiri siku moja, maana sabuni nyingine huunguza. Sabuni humuua aliyeloa na haiachi sumu ikikauka, kwa hiyo mlinzi anayefika kesho yuko salama. Shina lenye mabuu liruke.

Mkilifi: twanga gramu 50 za mbegu zilizomenywa, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja kwa kitambaa, ongeza matone ya sabuni, piga jioni. Haumwangushi mdudu papo hapo. Humzuia kula na kukua. Unaweza kuwadhuru mabuu wa walinzi nao, basi usiupige shamba zima.

Kwa viwavi wa sukuma wiki, omba dukani dawa ya bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis. Huua kiwavi aliyeila, na walinzi hubaki.

Utitiri wekundu wa nyanya ni adui ambaye walinzi wetu wengi hawampendi kama chakula. Kiangazi cha kaskazi ukiona nyanya zina utando na majani ya rangi ya shaba, usingoje walinzi. Ng'oa mashina yaliyokwisha, yafunge kwenye gunia kabla ya kuyatoa, na mwagilia yaliyobaki vizuri.

## Hatua ya 9: Usifyeke vyote siku moja

Msimu ukiisha, ng'oa zao kwa zamu. Acha mstari mmoja wa kunde au bamia kwa wiki mbili, ili mabuu wamalize kugeuka na wapate pa kuhamia. Mimea iliyong'olewa ilaze kivulini kando ya ukingo siku mbili tatu kabla ya kuipeleka kwenye mboji. Mabuu watatembea wenyewe kurudi kwenye majani mabichi. Yenye virusi au utitiri haingii kwenye hesabu hii, ichome siku hiyohiyo.

Ukingo nao ukate nusu kwa nusu. Upande mmoja ukichipua na kuchanua tena, ndipo uguse wa pili, ili mvua za vuli au masika zikianza na kitalu kipya kikisiwa, maua yawe yapo tayari.